Kukaa Vizuri

Juzi nilimpeleka binti yangu darasa la Kihispania kule Queensburgh. Mwalimu hakutamka neno hata moja la Kiingereza, na watoto walikuwa wakicheka na kuinua mikono bila kuelewa kitu. Mimi nyuma kule nikajikuta nimekunja mikono kifuani.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, darasa letu katika shule ya mtaa wa Point lilinuka rangi za maji na masweta yaliyolowa mvua. Familia yetu ilikuwa ndiyo kwanza imefika kutoka Bukavu. Mwalimu alishika kopo la brashi, akauliza jambo, na mikono ikaruka juu kila upande. Kiingereza sikukijua, lakini shule niliijua. Kwetu, mtoto aliyetaka kuchaguliwa alikunja mikono, akanyoosha mgongo, akanyamaza. Basi nikakaa vizuri kuliko wote.

Brashi ziligawiwa moja moja kwa walioinua mikono. Nikadhani bado sijakaa vizuri vya kutosha, nikakaza mikono hadi vidole vikafa ganzi. Mwalimu alifika kwangu, akanitazama, akatabasamu kwa upole, akapita. Leo najua alidhani sitaki. Saa nzima nilisikiliza wenzangu wakisuuza brashi kwenye vikopo, meza yangu ikiwa kavu.

Jioni mama aliniuliza, "Leo mulifanya nini ku masomo?"

"Nilikaa muzuri, mama."

Alinishika kichwa, amefurahi kweli. "Ni vile, mwana wangu. Na kesho ukae vile vile."

Nikamtii mwaka mzima.