Kamati ya Tumbo la Tata

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu, nami nilikuwa kijana niliyeajiriwa juzi. Tulikutana Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwa Tata Nyambura, mdogo wake mama yangu. Kwa majuma mengi chakula kilikuwa kikimkwama kifuani. Ugali ulimshinda, kisha viazi, sasa alikuwa akiishi kwa uji, na nguo zilimpwaya kama za kuazima.

Unajua desturi yetu. Mtu akiugua, kwanza tunaunda kamati. Binamu yangu Muriuki alichaguliwa mwenyekiti, mimi katibu. Tukajadili hospitali kubwa ya Nairobi, siku ya mchango, hata mgeni wa heshima. Siku tuliyoafikiana ilikuwa mbali, ili walio ughaibuni wapate nafasi ya kujipanga. Muriuki akasema haba na haba hujaza kibaba. Tata alikuwa pembeni akiambua minji, yaani njegere. Hatimaye akaweka sufuria chini.

"Ati mgeni wa heshima? Mmechagua mwenyekiti wa tumbo yangu, na hakuna mtu ameuliza kama kuna daktari hapa Nyeri. Mimi niko na bima ya serikali, nalipa na pesa ya majani chai. Hiyo bima ni ya kupamba nyumba?"

"Tata, hiyo ni ya homa," Muriuki akajibu kwa upole. "Daktari wa tumbo yuko Nairobi."

"Nani amekuambia?"

Asiyeuliza hana ajifunzalo, na sisi wasomi wote mle ndani hatukuwa tumeuliza.

Kesho yake nilimpeleka mjini. Kliniki ya kwanza ilikuwa na bango mlangoni: bima ya serikali inapokelewa. Msichana wa mapokezi akasema ndiyo, wanaichukua, tukaketi kungoja. Zamu yetu ilipofika ndipo tukaambiwa kwamba pale bima hulipia waliolazwa tu. Kumwona daktari bingwa wa tumbo, na kile kipimo cha kamera inayoteremshwa kooni, ungejilipia mwenyewe.

Nikainuka kwa hasira tuondoke. Tata akanishika mkono, akamgeukia msichana.

"Mami, huyu daktari hakai hapa kila siku, ama?"

"Hapana, cucu," akajibu, akimwita nyanya kwa lugha yetu. "Jumatano huwa kwa hospitali ya serikali, hapo juu."

"Na huko bima yangu inalipa hiyo kamera?"

"Inalipa, lakini lazima utoke kwa kituo cha afya ya kwenu na barua ya rufaa. Ukienda hivyo tu, watakurudisha."

"Ubarikiwe. Sasa wewe ndio umenitibu."

Msichana akacheka, nasi tukatoka. Tulipata rufaa Tetu, na Jumatano tukawa mbele ya daktari yuleyule, katika chumba kingine, na bima ikakubalika. Kamera ilionyesha kovu lililotokana na asidi ya tumbo. Lilikuwa limeibana njia ya chakula ikabaki nyembamba mno. Haikuwa saratani. Daktari aliipanua njia hiyo, akamwandikia dawa, kisha akatugeukia kwa ukali kidogo: mwezi mmoja zaidi, hata uji usingepita.

"Mbona mlikawia hivi?"

"Vijana walikuwa na mkutano," Tata akasema.

Mwanangu, kuchangiana si kosa, na Nairobi ina madaktari wazuri. Lakini uliza kwanza palipo karibu, na uulize swali kamili. Usiseme tu, "Mnachukua bima?" Sema: bima hii italipia kipimo hiki, kwa daktari huyu, hapa, siku gani, na nije na nini? Wakikwambia hapana, usiondoke kwa hasira. Uliza ni wapi basi. Daktari mmoja huenda ana milango miwili, na bima yako inafungua mmoja tu. Tena usilizoee tumbo linalouma wala chakula kinachokwama, ukasema ni vidonda vya tumbo kwa sababu jirani amesema hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi chakula chako kikushukie vizuri, mwanangu. Na siku ya kuugua ikija, Mungu akuonyeshe mlango ulio karibu, akupe na ulimi wa kuuliza.