Nilimhukumu Mhunzi, Naye Ni Baba Yangu

Nimekosa. Sisemi niliteleza, wala sisemi kuna aliyenishauri vibaya. Nilikaa kitini na akili zangu zote, nikaandika kurasa mbili, zikamtoa baba yangu kazini. Na msinipoze! Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilisoma historia chuo kikuu hapa Toronto. Mimi ni yule mtu anayeharibu chakula cha Jumapili kwa maswali. Mchungaji akisema jambo, nauliza amelitoa wapi. Gazeti likisema, nauliza nani amelilipa. Nyumbani wamenizoea.

Nilipomaliza nikapata kazi ya utafiti katika kijiji cha makumbusho nje kidogo ya mji. Kimejengwa kuonyesha maisha ya parokia ya mashambani Uingereza, enzi za Malkia Viktoria. Kuna kanisa dogo la mawe, shule ya chumba kimoja, tanuri la mikate, karakana ya fundi wa magurudumu na banda la mhunzi. Watu huja na watoto wao kuona mafundi wakifanya kazi za zamani.

Ila mhunzi hakuwepo. Wa kwanza alistaafu, banda likafungwa.

Sasa, baba yangu ni mhunzi. Alifua majembe na mapanga kwetu mashariki mwa Kongo tangu ujana wake mpaka vita vilipotutoa. Hapa alikuwa anakata kuku kiwandani, kwenye baridi, vidole vimevimba. Nikampa meneja jina lake, nikasema ni mtu ninayemfahamu kanisani. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, kwa hiyo langu na la Baba hayafanani hata kidogo. Hakuna aliyeuliza. Nami sikusema! Niliogopa wataniona ninaingiza ndugu zangu.

Mngemwona Baba siku ile alipowasha moto! Alivaa aproni ya ngozi, akakunja mikono ya shati, mgongo ukanyooka. Alitutengenezea ndoano ya chuma ya kutundikia makoti, ikakaa nyuma ya mlango wetu kule mtaa wa Dixon, ghorofa ya kumi na mbili. Kila mgeni alionyeshwa ile ndoano kabla hajapewa kiti.

Alikuwa na tabia moja. Akipiga chuma mara kadhaa, huiacha nyundo ianguke mara mbili, taratibu, kwenye fuawe tupu, kile chuma cha kufulia, halafu anaendelea. Nilimuuliza sababu, tukiwa nyumbani.

"Babu yako mdogo alinifundisha hivyo, kule Fizi," akasema. "Mukono unapumzika, jicho linaangalia chuma. Ukipiga tu bila kuangalia, unaharibu."

Basi meneja akaniagiza nikague mafundi wote: je, wanachofanya ndicho kilichofanyika kweli katika parokia ya Kiingereza?

Mwokaji mikate alitumia hamira ya paketi ya dukani. Nikaandika, "dosari ndogo." Fundi wa magurudumu alikuwa na saa ya kidijitali mkononi. Nikacheka, nikamwambia aivue.

Kwa Baba nikaandika kurasa mbili.

Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeficha kwamba ni baba yangu, nikataka mtu yeyote asije kusema nilimpendelea. Ndiyo hivyo tu! Nilitaka kuonekana mwenye haki, nikambana yule mmoja ambaye asingenijibu.

Nikaandika kwamba anashika koleo isivyopaswa. Nikaandika kwamba mapigo yale mawili hayamo katika kitabu chochote cha ufundi nilichosoma, kwamba aliyarithi kwa baba yake mdogo huko Fizi, na kwamba yanawapotosha wageni. Mimi ninayehoji kila kitu, kitabu kikikaa kimya nikachukua ukimya wake kuwa ushahidi!

Na kuna baya zaidi. Siku ya ukaguzi alikuja mzee mmoja Mwingereza, na mkongojo wake. Aliposikia yale mapigo mawili alisimama, akatoa kitambaa, akafuta macho. Akaniambia, "Babu yangu alikuwa mhunzi kijijini kwetu. Alifanya hivyo hivyo. Sikuwahi kuusikia tena mlio huu tangu nikiwa mtoto." Nilimsikia vizuri kabisa. Sikuliandika. Nilidhani nikiliandika nitaonekana namtetea mhunzi.

Jumapili moja baada ya ibada, sombe na fufu mezani, Baba akanipa bahasha. Anasoma Kifaransa vizuri, lakini barua za ofisi za hapa mimi ndiye humsomea, tangu nikiwa darasa la nne.

"Eh mama, unisomee," akasema akitabasamu; mimi binti yake huniita mama. "Nazani wananiongeza siku za kazi."

Nikaifungua. Yalikuwa maneno yangu. Meneja alikuwa ameyanakili jinsi yalivyo, akatia sahihi yake chini.

Nikaanza kutafsiri, sauti haitoki. "Wanashukuru kwa kazi yako, Baba. Ila wanasema mtafiti wao ameona huonyeshi ufundi sahihi."

"Mutafiti? Huyo mutafiti alishikaka nyundo?"

"Hapana, Baba."

"Sasa aliona nini?"

Mama akacheka jikoni. Nikaendelea kusoma haraka ili yaishe, na kwa kuharakisha nikasoma mpaka lile la Fizi.

Baba akaacha kula.

"Fizi? Nani aliwaambia Fizi?"

Nikainamia sahani yangu.

"Pale sikuongeaka habari ya Fizi na mutu. Kiingereza yangu haifike hata kituo cha basi, itafika Fizi?" Akanitazama. Mtu akitazamwa vile hawezi kudanganya. "Ni weye?"

"Ni mimi, Baba."

Ningefurahi angenitukana. Ningefurahi angepindua meza! Alichukua ile barua mkononi mwangu, akaikunja sawasawa kwenye mikunjo yake.

"Umeandika muzuri, mama," akasema. "Hata mimi nimeanza kuamini siijui hii kazi."

Akanawa mikono, akaenda kulala mchana kweupe.

Kesho yake nilienda kwa meneja. Nikamwambia yule ni baba yangu, na kwamba nilimficha yule mzee wa mkongojo. Akanisikiliza kwa upole, ule upole wa ofisini unaokufanya utamani kupiga kelele. "Lakini uchambuzi wako ulikuwa mzuri sana," akasema. "Na tumeshapata mtu."

Mtu! Nendeni mkamwone mtu wao. Ni mwanafunzi wa maigizo, ndevu za kubandika, na chini ya makaa ya bandia wamemfichia moto wa gesi. Hafui kitu. Msumari anaoutoa motoni umenunuliwa dukani. Hapo hakuna mtafiti aliyeitwa kukagua! Niliacha kazi siku hiyo hiyo, na sijivunii, kwa maana kuondoka kwangu hakukumrudisha Baba.

Mnajua kinachoniuma kuliko vyote? Tasnifu yangu ya chuo ilihusu parokia hizo hizo. Zamani kule, fundi aliyehama kutafuta kazi, akiugua au akikosa mkate, wasimamizi wa parokia waliogawa misaada ya maskini walimweka kitako na kumhoji: umezaliwa wapi, nani alikufundisha kazi, wewe ni wa hapa kwa ushahidi gani? Akishindwa kujibu, walimrudisha alikotoka, na mke na watoto. Nililaani wale wasimamizi kurasa kwa kurasa. Nilipewa alama ya juu kwa hasira yangu! Halafu mhunzi mhamiaji akaletwa mbele yangu mimi, nami nikamhoji kwa maswali yale yale, nikaandika: si wa hapa.

Baba amerudi kwenye kuku. Ananisalimia, anauliza kama nimekula. Barua zake sasa humpelekea mdogo wangu, ambaye Kiswahili anakisikia tu na kujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo wanaelewana nusu nusu. Baba anaona hiyo nusu inatosha.

Wiki iliyopita bawaba ya mlango ililegea. Akachukua nyundo, akapiga. Nilisimama sebuleni nikisubiri yale mapigo mawili mepesi. Hayakuja. Alipiga mfululizo mpaka mwisho, akairudisha nyundo chini ya sinki. Bawaba imepinda. Mlango haufungi vizuri mpaka leo.

Ninyi wenzangu wenye vyeti, mnaopewa kalamu kupima kazi za watu, sikilizeni. Kabla hujapeleka ripoti yako, keti na huyo uliyemwandika, msomee usoni, kwa lugha anayoielewa, neno kwa neno. Ukiona sauti inakukauka, ichane! Mimi niliisoma baada ya kuipeleka.