Mafuriko Hapana, Maji Hupita

Kwa miaka mingi nilikuwa katibu muhtasi, na kusema kweli nilikuwa msumbufu. Bosi akiandika "masaa matatu" nilimrudishia barua yake, nikamwambia saa ni saa tu hata zikiwa mia. Wapo waliocheka, wapo walionikwepa kwenye korido. Mume wangu aliwaambia wageni kwamba nyumbani kwake kamusi ndiyo inayopika. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba aliyekosea neno katika habari hii hakuwa mtu asiyejali maneno.

Kiwanja tulikinunua Mbwawa, wakati wa kiangazi, mume wangu alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake. Karibu umri wote wa ndoa yetu tulikuwa tumepanga Dar es Salaam, na mtu aliyepanga muda mrefu hivyo, ukimwonyesha ardhi inayoweza kuwa yake, macho yanamtoka na akili inabaki nyuma. Kila tulikopita nyasi zilikuwa zimekauka, rangi ya gunia. Kiwanja kile peke yake kilikuwa kibichi. "Hapa mchicha utakubali," nilisema. Hata matete yaliyoota upande wa juu niliyapenda. Siku hizi nikiona matete mabichi katikati ya kiangazi naondoka bila kuaga, lakini wakati ule nilikuwa mtu wa ofisini.

Jirani yetu wa karibu alikuwa bibi mmoja mwenyeji, mjane, aliyezaliwa palepale. Nyumba yake ya miti na udongo ilikuwa juu kwenye mwinuko, na shamba lake la mpunga lilikuwa bondeni, chini kidogo ya kiwanja chetu. Tulikuwa katikati ya nyumba yake na shamba lake, na hatukujiuliza kwa nini hapo katikati hakuna mwenyeji aliyewahi kujenga. Tulidhani tumewahi.

Wazo la bima lilikuwa langu. Mume wangu aliguna. "Bima ni ya gari na ya hospitali," alisema. "Nyumba inakwenda wapi hata igongwe?" Nilimjibu kwamba kiinua mgongo chake chote kimeishia kwenye hizo kuta, na likitokea la kutokea hatuna pengine pa kuanzia. Akakubali kwa shingo upande. Wakala wa kampuni ya bima, binti mwenye heshima zake, akatuletea fomu, na ndani yake mlikuwa na swali moja lililonisimamisha: je, eneo hili limewahi kukumbwa na mafuriko?

Nilifanya alichopaswa kufanya mtu mwaminifu. Nilipanda hadi kwa bibi, nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hapa kwetu mafuriko yamewahi kutokea?"

Hakujibu kwa pupa. Aliweka ungo chini, akafikiri kwa dhati. "A-a," alisema. "Mafuriko huku hatuna. Tunayasikia redioni, ya huko Dar."

Nikarudi nyumbani nikaandika "Hapana" kwa mwandiko wangu mzuri.

Masika ya pili tukiwa humo, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nakanda unga wa chapati. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Maji hayakuja na kelele yoyote. Yalitokea kwenye yale matete, ya kahawia, polepole, yakaingia chini ya mlango wa jikoni kama mtu aliyezoea kuingia humo. Kufikia adhuhuri yalikuwa magotini. Tuliokoa vyeti, nguo chache na redio, tukapanda kwa bibi, tukakaa kwake siku mbili.

Siku ya pili nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, na bibi akaniletea chai ya tangawizi akaketi kando yangu.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Hayakai hayo. Huwa yanapita tu."

Nikanyamaza ghafla. "Huwa?"

"Huwa. Mvua ikikaza yanatokea pale kwenye matete, yanapita hapo mlipojenga, yanashuka mpungani, yanakwenda zake Ruvu."

"Bibi! Si nilikuuliza mafuriko ukasema hayapo?"

"Hayapo," alisema, akinishangaa. "Mafuriko ni yale yanayoua watu na kubeba nyumba. Haya ni maji yanapita. Yasipopita, tutakula nini?"

Damu ilinichemka, kisha ikapoa, kwa sababu sikuwa na wa kumkasirikia. Kwa bibi, maji kwenye lile bonde yalikuwa habari ya chakula. Nani angekipa chakula chake jina la msiba? Mimi, niliyewasumbua watu wazima kwa sababu ya herufi mbili, nilikwenda kwake na neno la taarifa ya habari, naye akanijibu sawasawa na nilivyouliza.

Maji yalipoondoka tulishuka kutazama. Sakafu ilikuwa imepasuka, milango imevimba, friji imelala ubavu sebuleni. Fundi alituambia kwamba nyumba itapona ikiinuliwa sakafu na kuchimbiwa mfereji kandokando, basi. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Fidia ya bima ndiyo ingeinua sakafu kabla ya masika nyingine, na bila fidia tungebaki njiani mwa maji na kungoja.

Mtu wa bima alikuja kukagua hasara. Alipiga picha, alipima kuta, na mwisho akasema anataka kumsikia jirani mmoja wa siku nyingi, ni utaratibu wao. Tulipanda naye wote wawili. Alimwamkia bibi vizuri, akauliza, neno kwa neno kama ilivyokuwa kwenye fomu: "Bibi, hapa mafuriko yamewahi kutokea?"

"A-a," alisema bibi. "Mafuriko huku hatuna."

Akaandika. Nilimwona akiandika. Mume wangu alinitupia jicho, na jicho lile nililielewa kabisa: yamekwisha, twende zetu.

Ningeweza kunyamaza. Bibi hakuwa amesema uongo, wala mimi sikuwa nimesema lolote. Yule bwana alikuwa ameshafunga kalamu.

"Muulize kama maji hupita," nilisema.

Alinigeukia. "Samahani, mama?"

"Umeuliza mafuriko. Muulize kama maji hupita."

Akauliza. Na bibi, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua, akamweleza yote, tangu enzi za mama yake, mpaka mahali yanapokata kona. Yule bwana aliandika ukurasa mzima. Mume wangu aliinuka akateremka peke yake.

Watu wa kanisani waliposikia walinisifia uaminifu. Sistahili sifa hizo. Sikuwa nawaza mbingu wala haki. Nilishindwa tu kuvumilia kuona neno limekaa mahali ambapo si pake, kama nilivyoshindwa miaka yote ofisini. Siku nyingine nadhani huo nao ni uaminifu wa namna yake. Siku nyingine nadhani ni kiburi, na kiburi hicho kimeniponza mimi na mtu ambaye jasho lake ndilo lililojenga nyumba.

Barua ilikuja. Ilisema kwa heshima kwamba hali halisi ya eneo haikuelezwa wakati wa maombi, hivyo kampuni haitalipa. Ilikuwa na makosa mawili ya lugha, na kwa mara ya kwanza maishani sikuyagusa. Mume wangu aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Ungenyamaza tu," alisema. Baada ya hapo tuliongea habari za chumvi na habari za wajukuu, lakini hiyo hatukuigusa tena.

Masika iliyofuata sakafu ilikuwa palepale. Mvua ilipofikisha siku ya pili, bibi alishuka mwenyewe na mwavuli wake kutuambia tuhamishie vitu kwake mapema. Alituambia pia kwamba mara ya kwanza tulikosea kuyafungia maji milango. Yakifungiwa husukuma ukuta. Tulibeba magodoro, viti na masufuria asubuhi nzima. Nilitangulia kupanda, nikaketi kwenye mkeka kibarazani kwa bibi, nikitazama nyumba yetu kutoka juu. Mume wangu alibaki chini. Nilimwona akifungua mlango wa mbele na kuuegemezea jiwe, kisha akazunguka, akafungua wa nyuma, akauegemezea jiwe jingine. Akasimama kidogo uani, mikono kiunoni, halafu akapanda mwinuko taratibu, suruali imekunjwa hadi magotini.

Alikaa upande wa pili wa mkeka, mbali nami. Tuliyaona maji yakiingia kwa nyuma na kutokea mbele.

"Ile siku ya bima iliniuma," nilimwambia. "Inaniuma mpaka sasa."

"Bado sijakusamehe," alisema.

Kisha mvua ikageuza upande, ikaanza kunipiga mimi, naye akasogea ili nipate pa kukaa.