Mkwe Aliyevua Viatu

Kwetu Kasulu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Hakuna anayemfundisha hilo, anakua nalo. Mama aliuamini mwiko huo kuliko kufuli, na ndiyo maana vitenge vya harusi ya dada yangu alivificha chini ya kitanda chake.

Dada alikuwa ameposwa na kijana wa forodha, Muha mwenzetu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi hata anapokusalimu. Mama naye aliuza vitenge sokoni. Vile vya sokoni vilikuwa na karatasi zake, ushuru umelipwa na mhuri umegongwa. Vya harusi vilivuka kutoka Burundi vikapita Munanila vichwani mwa wanawake, bila karatasi yoyote, kwa sababu kwa Mama hivyo havikuwa mzigo wa biashara. Ilikuwa sare ya ndugu, ya kuchezea ngoma siku ya mwanawe. Nilipomuuliza kama haogopi, alicheka mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Forodha yenyewe imeposa humu ndani. Nani atatupekua?"

Jirani alicheka naye, akachukua chumvi yake, akaenda kusema. Chumvi hiyo natumaini bado inamwasha.

Walikuja asubuhi, maharage yakiwa jikoni. Alitangulia mkuu wao, akafuata ofisa mwanamke, na nyuma kabisa alikuwa mchumba wa dada, macho chini. Mwenyekiti wa mtaa aliletwa awe shahidi, akajishughulisha na kalenda ya ukutani. Mkuu alituelezea mamlaka yake kwa sauti ya mnadishaji. Wanaruhusiwa kuingia palipo na shaka, kupekua chumba chochote, kufungua kilichofungwa, kudai karatasi zote za mzigo na kuondoka nazo. Anayekataa, kule kukataa kwenyewe ni kosa.

Mama akaleta bahasha yake. Karatasi ya kwanza kutoka ilikuwa cheti cha uraia. Ndivyo alivyo. Wazazi wake waliingia nchi hii wakikimbia, na mpaka leo mtu mwenye sare akitamka neno karatasi, Mama hutoa uraia kwanza. Mkuu alikisoma cheti polepole, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Mama, hiki ni chako wewe. Vitenge navyo uraia wao uko wapi?"

Mwenyekiti akacheka, kisha akajikohoza. Mama akatoa karatasi za sokoni. Mkuu akazitia zote mkobani mwake, akauliza vilipo vile vingine alivyoambiwa. Jicho la Mama lilienda kwenye pazia la chumba chake, na sote tukalitazama pazia.

Ofisa mwanamke alikuwa wa kwanza kupiga hatua. Angeingia yeye, mambo yangeishia pale pale. Lakini mkuu alimzuia kwa mkono. Hakuwa Muha, ila alikuwa amekaa huku vya kutosha kuujua mwiko wetu, na uchumba ule ofisi nzima iliujua. Akamgeukia mkwe wetu akitabasamu.

"Ingia wewe. Tuone unamfanyia kazi nani."

Sheria haikusema nani aingie. Hilo alilichagua mwenyewe, tena kwa raha zake.

Dada akapiga magoti mbele ya Mama. "Mama, vitoe wewe mwenyewe. Nakuomba, vitoe wewe, waondoke navyo."

Mama angeweza. Alikuwa hatua chache tu kutoka kitandani kwake. Badala yake aliinuka, akalifunua pazia kwa mkono wake mwenyewe, kama anayempokea mgeni wa heshima.

"*Imana irabona*," akasema, Mungu anaona. "Karibu, mkwe. Hata mimi nataka nione unamwogopa nani zaidi."

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zilikuwa pale sakafuni, zimepiga magoti. Nilitamani kuwapiga makofi wote wawili, mkuu na mama yangu mzazi.

Kijana akainama, akavua viatu. Aliingia na soksi, moja imetoboka kisiginoni. Tulimsikia akiburuta kiroba chini ya kitanda. Alipotoka nacho, shimizi ya Mama ilikuwa imenasa kwenye kamba, ikining'inia mbele ya mwenyekiti. Ofisa mwanamke akainasua, akaikunja, akaiweka kitini bila kumtazama mtu.

Kiroba kikafunguliwa. Vitenge vya manjano, rangi aliyoichagua kijana mwenyewe akiwa amekaa na dada kwenye mkeka wetu.

"Vya biashara au vya nyumbani?" mkuu akauliza, akimkabidhi kijana fomu na kalamu.

"Mwulize yeye," Mama akasema. "Anavijua."

Dada alikuwa anamtazama. Angeandika vya nyumbani, kazi ingemponyoka, maana nani angeamini hakujua vilikopita? Kijana akaandika: vya biashara. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Wazee wa kijana walikuja baadaye na pombe ya ndizi, kuosha aibu. Mama aliwakaribisha, akawaacha wanywe, kisha akasema, "Mwanamume aliyeinama chini ya kitanda changu ni mume wangu au mwizi. Mume wangu amezikwa Munanila." Wakaondoka. Kijana akahamishiwa kituo cha mpaka mwingine, na simu ya dada ikanyamaza. Mama alilipa ushuru na faini, akavikomboa vitenge, akavirudisha palepale chini ya kitanda. Hakuna aliyewahi kuvivaa.

Siku hizi magoti yamemshinda Mama. Juni iliyopita, baridi yetu ya milimani ikiuma, alikuwa amekaa barazani nasi tukichambua maharage. Akamwomba dada amletee kitenge kimoja cha kule chini ya kitanda ajifunike mabega.

Dada hakuinua kichwa. "Mwite mkweo akuletee. Njia anaijua, na viatu atavua."

Mama akanigeukia mimi. Nikachukua ungo, nikaendelea kuchambua.