Mbwa wa Kubilisa

Mpaka leo, gari likipunguza mwendo nje ya nyumba yangu hapa Shinyanga, mkono wangu hushuka wenyewe kutafuta shingo ya mbwa. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na mbwa sina. Juzi bajaji ilisimama getini, dereva akiuliza nyumba ya jirani, nikajikuta nimeshika hewa. Nikacheka peke yangu, kisha nikaona nikae nikusimulie.

Tuliishi Kharumwa, baba yangu akiwa fundi seremala. Mchana kutwa ulisikia msumeno wake, na kwa mbali makarasha yakisaga mawe ya dhahabu. Bibi alianika michembe juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na utamu wa viazi vile ulichanganyika na harufu ya mbao mbichi. Mimi na mdogo wangu wa kike tulichota maji, tukafagia maranda, tukafukuza mbuzi waliotamani michembe.

Siku moja akaja bwana mmoja wa mgodini ambaye baba alimtengenezea vibanda vya mbwa. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mtoto wa mbwa mwenye mgongo mweusi, miguu ya kahawia na nyayo kubwa kama alizoazima kwa kaka yake. Alisema huyo ni wa ukoo wa mbwa wa maonyesho.

"Kule kambini naishi peke yangu," alimwambia baba. "Huyu anatakiwa akulie penye watoto, azoee kelele na mikono ya watu. Mnilelee. Akikua nitakuja kumkagua. Akifaa, nitampeleka kushindana."

"Kushindana nini?" bibi akauliza.

"Kusimama, bibi. Anasimama vizuri, mwamuzi anampapasa, akishinda anapewa kikombe."

Jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyekuwa amesimama mbali kidogo ili kanzu yake isiguswe, aliangua kicheko. "Mimi nasimama dukani tangu alfajiri, hata kikombe cha chai sijapewa!"

Bibi hakucheka. Alikitoa kitambaa alicholalia mbwa kikapuni, akakikung'uta, akakipapasa kwenye pindo kama anayetafuta dhahabu iliyofichwa. Kwetu, mtu wa mgodini hakuachii kitu hivi hivi. Alipokosa alichokuwa akikitafuta, shaka yake ikazidi.

"Basi huyu ni wa kubilisa," akasema.

Nikueleze kidogo. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini mwake. Huwagawa kwa ndugu na marafiki wawatunze, na huko ndiko kubilisa. Anayetunza anapata maziwa na samadi, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, naye aweza kuja kuwaona siku yoyote bila hodi. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka habari na kuonyesha ngozi, asije akashukiwa kwamba ameuza. Kwa hiyo bibi alimtaka mwenye duka awe shahidi, kisha akatugeukia sisi. "Huyu hapewi jina. Mali ya mtu ukiipa jina, utalia."

Tukamwita Wawatu, yaani mbwa wa watu. Baada ya wiki chache alikuwa akigeuka tukimwita hivyo, na bibi akatutazama kwa jicho baya.

Kama umewahi kufuga mbwa, huenda hili litakushangaza kama lilivyotushangaza sisi. Mbwa wa maonyesho halelewi kama wa kulinda. Mgeni lazima aweze kumfungua mdomo, kumpapasa mgongo, kumwinua mguu, naye atulie tu. Meno yake yanapobadilika, hamvutani naye kamba, maana yanaweza kuota vibaya. Masikio hayaguswi kabisa mpaka yasimame yenyewe. Usiogope, si kazi ngumu. Inataka uvumilivu, na watoto wanao kuliko wakubwa. Jioni mdogo wangu alimpandisha kwenye benchi la baba, akasema "simama," na kipande cha dagaa kilimaliza mafunzo.

Ugumu ulikuwa kuwapata wageni. Tulivizia wateja wa baba.

"Shikamoo baba. Samahani, naomba umfungue mbwa wetu mdomo."

"Aniume, halafu?"

"Haumi."

"Mbwa asiyeuma mnamfuga wa nini?"

Swali hilo lilizunguka mji mzima. Wachimbaji walipata jibu lao: yule mbwa ananusa dhahabu. Mmoja akaja kumwomba baba amwazime, amtembeze kwenye kiwanja chake. Baba alipokataa, ikasemekana tumeshaanza kuchimba chini ya karakana, na msumeno ni wa kuficha sauti ya sururu. Watu wakawa wakija kuulizia bei ya kitanda huku wakikagua sakafu.

Sisi watoto shaka yetu ilikuwa juu ya mtu mmoja tu. Kila gari tulilolisikia lilikuwa lake. Mwenye duka alituonea huruma. "Mlazeni sikio moja," alituambia kwa sauti ya chini. "Livuteni kila siku. Hatamtaka tena."

Bibi alisikia. "Mali ya mtu hailemazwi," akasema. "Ng'wanawane, mwanangu, hata ukimpenda. Gete, kweli kabisa."

Hatukuligusa. Lakini meno yalipoanza kubadilika, masikio yote mawili yalilala. La kulia likarudi juu. La kushoto likabaki limeinama kama jani la mhogo wakati wa jua. Sisi tulilitazama kwa tumaini, bibi kwa hofu, kwa sababu alijua nani atalaumiwa.

Mwenyewe alikuja msimu wa kuvuna pamba, bila taarifa. Wawatu alisimama kwenye benchi kama tulivyomfundisha, hata mkia hakuutikisa. Yule bwana akamtazama meno, akampapasa mgongo, akaliinua lile sikio na kuliachia. Likaanguka.

"Nani amelivuta hili?"

Alinitazama mimi, kisha mdogo wangu, ambaye alikuwa tayari analia.

"Mtu akilia, kuna jambo," akasema.

"Analia kwa sababu umekuja," bibi akajibu. "Hujaona? Sikio limelala lenyewe. Kama ungemkuta amekonda ningeona aibu. Mwangalie. Hao walikula ugali mkavu, yeye akala dagaa."

Nafikiri bwana yule hakuamini. Alishuka barazani, akafungua mlango wa gari, na mdogo wangu akamkumbatia mbwa shingoni. Ndipo akasema, "Basi, kaeni naye kwanza. Nitarudi."

Gari likaondoka. Tulirukaruka hadi maranda yakatimka. Bibi akatukatisha: "Mmesikia 'kwanza'? Mmesikia 'nitarudi'?"

Wawatu akaishi nasi hadi mdomo wake ukawa mweupe, na miaka yote hiyo bibi hakumsahau yule bwana. Kila Jumamosi alitusimamia tumsugue mbwa, mwenyewe asije akamkuta mchafu. Gari lilipopunguza mwendo, tulimshika shingo. Usiku wa kuamkia safari zetu za shule ya bweni tulimuaga kwa muda mrefu kuliko tulivyowaaga wazazi, kwani wazazi tulijua tutawakuta.

Alikufa kwa uzee, amelala chini ya benchi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nikachukua jembe, bibi akaninyang'anya.

"Hazikwi mpaka mwenyewe ajue."

Baba aliitafuta namba kwa watu wa mgodini karibu asubuhi nzima. Nilisimama naye karakanani alipopiga, nikasikia kila neno. Alijitambulisha, akaeleza habari ya msiba kwa adabu, kama anavyoeleza mtu aliyefiwa na ng'ombe wa wenyewe.

"Mbwa gani?" sauti ikauliza.

Baba akamweleza tena. Kikapu, watoto, sikio.

"Mzee, nimefuga mbwa wengi. Sikumbuki."

Baba akashukuru, akakata simu. Akasimama kidogo akipangusa benchi lisilokuwa na vumbi. Kisha akatoka uani, ambako bibi alikuwa ameketi kando ya mbwa akimfukuzia nzi.

"Amesemaje?"

"Amesema pole. Anashukuru sana kwa malezi. Alikuwa akipanga kuja."

"Nilijua," bibi akasema, akanirudishia jembe. "Mwenye mali hasahau."

Bibi hayupo tena. Karakana imekuwa duka la simu, na huko kwetu ng'ombe wa kubilisa wamepungua, kila mtu akitaka wake abaki machoni pake. Mimi nilimdharau yule bwana kwa muda mrefu. Siku hizi nafikiri zaidi juu ya bibi, aliyemshuku mtu miaka yote bila kukoma, na kwa shaka ile ile akamheshimu kuliko alivyostahili.