Upande wa Magharibi wa Tanuri

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini nyumba nyingi za Maisaka zimesimama kwa matofali yangu. Sijisifu bure, pita uone. Tanuri langu liko Mutuka, na tofali langu ukiligonga na mwenzake linalia kama kengele. Lisilolia halijaiva. Hiyo ndiyo shule yangu.

Mwaka huu mvua ilinikuta moto haujashika vizuri. Upande wa magharibi ukalowa, na nilipochomoa matofali mawili huko na kuyagonga, yalitoa mlio wa ubao uliooza. Sikumwambia mtu. Ningetamka tu, kesho yake sokoni wangesema mzee kaishiwa, na jina nililolijenga kwa mikono hii lingeisha. Nikawaamuru vibarua wapange matofali ya mashariki mbele, barabarani, yale mabovu yabaki nyuma. Kisha nikaanza kumtazama kila anayepita kana kwamba ametumwa.

Ndipo akaja yule bwana. Mgeni, si wa huku, shati limepigwa pasi, mtu wa ofisini, anataka kujenga Nakwa. Nikampa historia yangu kama ninavyowapa wateja wote: nilivyokuja mjini na jembe moja, nilivyoshinda kwenye tope, mpaka leo nina pikipiki mbili na nyumba ya bati la rangi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, maneno yako yame-resonate sana kwangu."

"Eeh, asante," nikajibu, kama mtu aliyeelewa. Akaahidi kurudi Jumamosi.

Alipoondoka tu nikampigia binti yangu, mwalimu wa sekondari. Neno lenyewe nikalitamka nilivyoweza.

"Hilo ni tusi?"

Akacheka. "Baba, kwani umemfanya nini huyo mtu mpaka akutukane?"

"Jibu swali."

Akasema ni habari ya sauti. Kitu kinalia hapa, kingine kule nacho kinavuma bila kuguswa, kama sufuria kabatini lori likipita. Wenye Kiingereza chao wakalitoa hapo, wakalipeleka kwenye maneno: ukisema jambo, mwenzako akalikuta tayari limo ndani yake, wanalitumia hilohilo.

La sufuria nalijua. Lori la mchanga likipita kwangu, vyombo vyote vinaimba. Lakini hilo la pili halikunikaa. Mtu wa ofisini ana nini ndani yake cha kuvuma kwa habari ya tope? Huyu ametumwa. Nikawapitia moyoni wachomaji wenzangu wote wa Mutuka, mmoja mmoja, nikitafuta nani kamleta.

Jumamosi akaja kweli. Kulikuwa na wateja wengine wawili, na mke wangu alikuwa anawamiminia vibarua chai. Yule bwana akaniamkia, nikaitika kwa mbali. Hakuuliza bei. Alichukua matofali mawili, akayagonga, akatega sikio. Kisha akaanza kuzunguka nyuma ya tanuri.

Nikamfuata mbio. "Huko kuna nyoka!"

"Mbona vibarua wako wanapita peku?"

Mke wangu akaguna. "Nyoka gani, baba watoto? Wa jana au wa leo?"

Yule bwana alikuwa ameshachomoa mawili ya magharibi. Akayagonga. Wateja wakageuza shingo.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna, mzee. Mama yangu alinisomesha kwa matofali. Asubuhi nilikuwa nageuza mabichi juani ndipo niende shule. Tukisikia mlio kama huu, tulijua muhula huo sirudi darasani."

Hakusema halijaiva, aliniachia mimi. Uongo nilikuwa nao tayari, tena mzuri: tofali likilowa, hata lililoiva halilii. Kwa tofali lililoiva ni kweli, na wale wateja wangeumeza. Yeye asingeumeza, nilimwona usoni.

"Upande huu haujaiva," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Mvua ilinipiga. Nauchoma upya."

Mteja mmoja akaondoka bila kuaga. Wa pili akabaki kuyagonga ya mashariki moja moja, kama anayenunua mayai. Yule bwana akakunja mikono ya shati lake, akauliza kuni ziko wapi. Nikamwonyesha, lakini nikasimama karibu. Nilikuwa bado sijamaliza kumchunguza.