Fundi Bomba na Amplifaya Isiyo na Kitufe cha Besi

Kuna fundi bomba mmoja ana sauti nzito kama pampu ya kisima, na tangu aoe hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kuisikia ikiimba. Si kwamba hajui kuimba. Aliimba, tena studio, na kwaya ya wafanyakazi wa idara ya maji, enzi hizo idara bado ina kwaya. Ushahidi upo: sidii moja, jalada limechubuka, nyuma kuna picha ya kundi zima wamevaa ovaroli za bluu. Yeye yuko mstari wa mwisho, nusu ya uso wake imezibwa na kichwa cha mtu wa mbele.

Shida ni kwamba yeye ni besi, na redio ya sebuleni kwake ina spika ndogo kama visosi. Ukiweka ile sidii, akina mama wa sauti ya kwanza wanakuja, wa sauti ya pili wanakuja, wanapiga kelele kama kuku walioona kicheche. Besi hakuna. Spika ndogo haiwezi kuisukuma sauti ya chini, hilo halina mjadala. Ni kujaza tangi kwa kijiko.

Hapo ndipo shemeji yake alipopata pa kumkamatia. Shemeji huyu ni mdogo wa mkewe, muuguzi, ana mdomo ambao hospitali nzima haina dawa yake. Akija kula Jumapili, salamu yake ni moja.

"Bubu wa Kwaya, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Hivi siku ile walikulipa kwa kufungua mdomo, au na kuufunga pia?"

Watoto wanacheka. Mke anacheka. Yeye mwenyewe anacheka, maana shemeji ni mtani na mtani hanuniwi, lakini ndiye wa kwanza kurudi kwenye sahani yake. Na usiseme angeimba tu palepale mezani wakamsikia. Alijaribu. Besi ikiwa peke yake ni "bom, bom, maji, bom," haina kichwa wala miguu. Binti yake mkubwa alimuuliza kama amepaliwa.

Basi alipomaliza kazi ya jengo moja la ghorofa, mabomba yote mapya kuanzia chini hadi juu, na mwenye jengo akalipa bila kumzungusha, fundi akatangaza kwamba anataka amplifaya. Si zile za kuwakawaka taa kama baa. Anataka ile ya maana, ya kipande kimoja, inayopokea muziki na kuusukuma kwenye spika, yote ndani ya sanduku moja. Alikuwa ameshasoma habari zake kwenye simu mpaka macho yakamuuma. Wanaoisifia huko mtandaoni wanaandika kama wanaposa. Eti sauti yake ina joto. Eti ni laini kama hariri. Sauti si shuka, jamani! Semeni kama besi inasikika au haisikiki, watu waende zao.

"Bei gani?" mkewe akauliza.

Akaitaja. Mke akaweka mwiko chini.

"Hiyo si pikipiki?"

"Pikipiki haiimbi, mama watoto."

"Na wewe huimbi, kwa ushahidi uliopo."

Lakini mke huyu hana roho mbaya. Aliona mumewe hataki kitu cha kujishaua, anataka kusikika mara moja nyumbani kwake. Wakakubaliana waende dukani wote watatu, na sidii yao mkononi, shemeji awe hakimu. Akimsikia fundi, maneno ya pikipiki yamekwisha. Asipomsikia, wanarudi mikono mitupu na jina la Bubu linabaki mpaka kaburini.

"Hakimu gani huyu?" fundi akalalamika. "Ananichukia."

"Nakupenda, shemeji," akasema muuguzi. "Ila ushahidi kwanza."

Duka lenyewe lilikuwa na zulia, kochi, na ubaridi wa kuhifadhi maiti. Bei hazikuandikwa popote, na duka lisiloandika bei limeshakuambia bei. Amplifaya ilikaa peke yake juu ya meza, nyeusi, nzito, uso mtupu wenye kirungu kimoja kikubwa cha kuongezea sauti. Fundi akakizungusha. Kilikwenda taratibu, kimeshika, hakichezi, kama koki ya shaba ya zamani. Akakipenda palepale. Kisha akainama, akatazama mbele, akatazama nyuma, akapapasa pembeni.

"Kijana, kitufe cha besi kiko wapi?"

"Hakuna, kaka," muuzaji akajibu. "Amplifaya ya daraja hili haiongezi wala haipunguzi. Inakupa kilichorekodiwa."

"Bei yote ile, kitufe cha besi hakuna?"

"Hakuna."

"Redio yangu ya sebuleni inacho!"

"Na besi unaisikia?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa kwenye kochi. Muuzaji akaona mambo yamemnyookea, akataka kuwawekea muziki wake wa maonyesho, gitaa na glasi inayopasuka. Mke akamkata. "Mwanangu, glasi tunazo. Weka hii yetu, tusije tukawa mbuzi wanaopigiwa gitaa."

Sidii ikaingia. Wimbo wa kwanza, ule wa kuwasihi wananchi wasiache koki wazi. Spika za pale dukani zilikuwa ndefu kufika kifuani mwa mtu. Fundi alisimama katikati ya zulia, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Kabla ya sauti yoyote, kikaja kitu kingine. Pumzi. Mtu alivuta hewa kwa pua, ndefu, yenye kafilimbi kembamba mwishoni.

"Simamisha!" mke akapiga kelele. "Rudisha nyuma!"

Muuzaji akarudisha. Pumzi ikaja tena, na kafilimbi kake.

"Ni wewe!" mke akasema, amejishika mdomo. "Hiyo pua nalala nayo. Naifahamu kuliko hata sahihi yangu."

"Sawa, alikuwepo," shemeji akasema. "Tumethibitisha alikwenda studio kupumua. Kuimba je?"

Muuzaji akaacha wimbo uendelee. Na besi ikaingia. Haikuingia masikioni, iliingia kwenye kochi, ikapanda mgongoni. Sauti nne za wanaume, chini kabisa, kila moja na mahali pake, na ile ya kushoto, nzito kuliko zote, ndiyo iliyokuwa imevuta pumzi. Wale wengine juu walikuwa wanapepea tu. Nyumba ilikuwa imesimama juu ya hawa wanne. Shemeji alifumbua mdomo aseme neno. Akaufunga. Wanaomjua watakuambia hilo halijawahi kutokea.

Ubeti ukaisha. "Haya," akasema. "Nimesikia. Hukumu nimetoa."

"Sema vizuri. Umesikia nini?"

"Nimekusikia wewe, shemeji. Usinisumbue."

Fundi akapiga kofi moja la furaha, mkono ukaenda moja kwa moja mfukoni. Mshindi ni mtu hatari sana dukani. Angelipa wakati ule hata kwa zulia. Mkewe ndiye aliyemshika kiwiko.

"Kijana, hizi spika zinakuja pamoja na hiyo mashine?"

"Hapana, mama. Spika ni bei yake."

Fundi akazitazama zile spika ndefu, akavikumbuka visosi vya nyumbani. Wiki zote zile alisoma habari za amplifaya, hakusoma hata mstari mmoja wa spika. Fundi bomba mzima! Angemcheka mteja anayenunua pampu ya ghorofa kumi akaifunga kwenye mpira wa kumwagilia maua, na sasa mteja huyo alikuwa yeye.

"Kwa fedha zetu," mke akaendelea, "tukichukua spika hizi, kinabaki cha amplifaya gani?"

Muuzaji akaonyesha rafu ya chini, kijisanduku cha kijivu kisicho na mbwembwe. Kusema kweli hakukificha, ila hakukikimbilia. Akakiunga kwenye spika zilezile, wimbo uleule.

Pumzi haikusikika. Fundi akajikuna shingo. Kisha besi ikaja, na kochi likatetemeka kama mwanzo. Tofauti ilikuwa kwamba wale wanne hawakutengana tena. Walikuwa sauti moja nene, ukuta, hujui tofali la nani.

"Mpo," shemeji akasema, ameinamisha kichwa. "Ila sikutofautishi."

Muuzaji akaona mwanya. "Ndiyo maana ile kubwa ina bei yake, kaka."

Hakusema uongo. Ile kubwa ilikuwa bora, na anayesema zote ni sawa hajasafisha masikio. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba wimbo urudiwe, kisha akaanza kutabasamu peke yake.

"Mwalimu wetu wa kwaya," akasema, "alikuwa anasimama mbele yetu sisi wanne, ananyoosha kidole na kusema: Nikikusikia wewe peke yako, utatoka nje. Tulifanya mazoezi mpaka jasho likatutoka ili tusijulikane ni nani. Kwenye kijisanduku hiki ndipo tumeimba alivyotaka." Akafikiri kidogo. "Kwenye ile kubwa nimesikia pua."

"Pua nzuri lakini," mke akasema.

"Pua utaendelea kuisikia bure."

Wakachukua kijisanduku cha kijivu na zile spika ndefu. Amplifaya kubwa ni ya mwenye spika kubwa tayari, mwenye muda wa kukaa kitini na kuhesabu pumzi za watu. Kwa nyumba inayosikiliza taarifa ya habari na nyimbo za zamani huku vitunguu vinakaangwa, haikustahili bei ya pikipiki.

Kazi ikawa kuzipitisha spika mlangoni. Meza ya chai ilifukuzwa sebuleni, televisheni ikasukumwa kona. Mabinti wakakaa chini, viganja juu ya spika, na besi ilipoanza wakavitoa kwa mshtuko, wakavirudisha.

"Baba ni yupi?" mdogo akauliza.

Fundi alifungua mdomo ajibu, shemeji akamwahi. "Wote wale wa chini. Yeye yuko kushoto, ndiye anayewabeba. Nilimsikia dukani waziwazi, niulize mimi!" Akaeleza na namna muuzaji alivyoshangaa, na kochi lilivyotetemeka, na yeye alivyojua tangu zamani kwamba shemeji yake si mtu wa mchezo, akaongea na kuongea mpaka wimbo ukaisha.

Akageuka. "Rudia, shemeji. Kipande chako kimenipita."